Nusu ya Juu ya Ukurasa wa Tatu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati, nimekaa zangu na goti langu bovu, kijana wa dirishani akaniita kwa sauti ya kuuza samaki: "Mama, namba ya kitambulisho!" Mabenchi yalikuwa yamejaa. Akaita tena. Msichana aliyekaa kando yangu akaniinamia kwa huruma akasema, "Dani, umesahau namba?" Dani kwa Dholuo ni nyanya, yaani bibi, na kweli umri huo ninao, lakini sikuwa nimesahau. Niliinuka, nikajikokota hadi dirishani, nikaazima kalamu yake, nikaandika namba yangu kwenye kiganja, nikamwonyesha, kisha nikatia mate nikaifuta. Kijana alicheka mpaka akaita wenzake waje kuniona.

Sikukasirika. Hata mimi nilikuwa dirishani zamani, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Ndiyo maana ninawaandikia, ninyi mnaoanza kazi za ofisi na mnaotaja namba za watu kama mnataja bei ya nyanya. Sina elimu ya kuwazidi. Nina woga tu, na ningependa niwaachie kidogo.

Kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ndogo ya serikali hapa Kisumu, iliyohudumia watu waliotoka jeshini. Jina lake halina haja, ilishafungwa, na katika chumba nilichokaa sasa wanauza makava ya simu. Masjala, kwa ninyi mliozaliwa na kompyuta, ni chumba cha mafaili. Barua ikiingia unaipiga muhuri, unaitoboa, unaifunga kwa kamba ndani ya faili lake, na unajua faili hilo liko wapi hata bosi akiuliza akiwa amenuna. Kuchapa pia kulikuwa kazi yangu.

Wateja wetu wengi walikuwa wazee ambao wazungu waliwapeleka kupigana vita Burma. Walikuja wamevaa makoti mazito katika joto la Kisumu, na nishani kifuani. Shida ilikuwa kuwaita. Upande huu wa ziwa mtoto hupewa jina la wakati aliozaliwa, kwa hiyo ukiita "Otieno!" kwenye benchi la wanaume ishirini wanasimama sita. Ukiongeza jina la baba wanabaki wawili, na hao wawili wanaanza kugombana ni nani aliyeitwa. Basi ofisi ikaamua tuite kwa namba ya kitambulisho. Wazee walifurahi sana. Walizoea namba tangu jeshini. Ukiita, mzee anaruka, anagonganisha akala zake za tairi, anasimama wima na kuirudia namba yote kwa sauti ya gwaride. Mmoja alikuwa amesahau majina ya wajukuu wake wote lakini namba hakuikosea hata siku moja, na sisi tulimpigia makofi.

Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na chini yake watu walikuwa wakipita kwenda sokoni. Hakuna aliyewaza kitu. Namba hiyohiyo tuliiandika juu ya jalada la faili, kwenye kadi ya kliniki, kwenye barua ya kwenda kwa chifu, hata juu ya bahasha, kando ya stempu. Na namba hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kwa polisi, kwenye ofisi ya ardhi na kwenye daftari la kura. Nilidhani huo ndio utaratibu mzuri, mtu mmoja namba moja.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa karani mkuu, Bwana Njoroge. Alikuja Kisumu kutoka Murang'a akiwa kijana, akaoa, akazaa, akajua Dholuo cha kutaniana, na samaki alikula mpaka kichwa. Alikuwa mtu mpole, lakini kwa karatasi alikuwa mkali. Ukichapa kwa karatasi ya kaboni, alikufundisha kuiinua kuelekea dirishani, na kweli, kila neno ulilochapa linaonekana juu yake kwa mwanga. "Wewe unafikiri umetupa kaboni," aliniambia. "Umetupa barua nzima." Karatasi yoyote iliyoharibika yenye jina la mtu ilikwenda kwenye pipa nyuma ya choo, na ilichomwa mbele ya macho yake. Alikoroga majivu kwa kijiti. Tulimcheka. Tulimwita Mzee Majivu, na alijua.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo. Akaniambia kuwa alipokuwa mtoto baba yake alivaa kipande shingoni, kile kitambulisho cha mkoloni, ndani ya kikopo cha bati, na kwamba alimwona baba yake akisimama barabarani kwenye vumbi huku askari kijana akikifungua na kusoma polepole, akicheka. "Baba alikuwa ananiangalia mimi," alisema. "Hakuwa anaangalia askari."

Sasa niwaambie kuhusu Zakaria.

Kuna asubuhi moja ya Agosti, miaka ya themanini mwanzoni, ambayo ukimuuliza mtu yeyote wa umri wangu atakuambia alikuwa wapi redio ilipoanza kuongea mambo ya ajabu. Wanajeshi fulani walikuwa wamejaribu kuchukua serikali. Kabla ya jua kutua jambo lilikuwa limezimwa, lakini woga haukuzimwa kwa miaka. Wanajeshi wengi walikamatwa, na hata wale walioachiwa baadaye kwa kukosa hatia walirudi nyumbani wakiwa hawana kazi wala rafiki. Watu walivuka barabara ili wasiwasalimu. Ukiwa na ugomvi na jirani wa aina hiyo, ulihitaji kunong'ona kwa mtu mmoja tu, na jioni gari lilikuja.

Zakaria alikuwa fundi wa redio za jeshi. Alikaa ndani miezi mingi, akaachiwa, akaja kuishi mtaa wa Nyalenda ambako hakuna aliyemjua. Alisukuma mkokoteni wa maji kutoka bombani na kuuza mtungi kwa mtungi. Majirani walidhani ametoka kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Ofisini kwetu alikuja kwa jambo moja tu, sikio lake la kushoto. Huko ndani walikuwa wamelipiga, likawa linatoa usaha, na watu waliotoka jeshini walikuwa na haki ya kliniki. Nakumbuka alivyosimama mbele ya meza yangu mara ya kwanza. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, mikono ya mtu wa kubeba.

"Mama, hii kadi ya kliniki, ni lazima kitambulisho?" aliuliza.

"Ni lazima."

"Na mnaweka wapi hiyo namba?"

"Kwa faili," nikasema. "Itakaa hapa na mimi."

Akanipa. Alinipa akiangalia uso wangu, si mkono wangu.

Mwaka uliofuata, waraka ukaja kutoka juu kwamba kila ofisi katika mkoa ipelekewe orodha ya waliotoka jeshini wote: jina, namba ya kitambulisho, namba ya jeshi, mahali anapoishi, na sababu ya kuachishwa. Eti kurahisisha huduma. Nakala arobaini, kurasa saba. Kliniki ilihitaji jina na kadi tu, lakini ilipelekewa yote. Machifu walipelekewa yote. Hata ofisi ya mifugo ilipelekewa, na mpaka leo sijui ng'ombe walikuwa na shida gani na wazee wa Burma.

Nilichapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ambayo herufi za taipu huitoboa, kisha unaivingirisha kwenye mashine ya wino na kuzungusha mkono. Mashine hiyo ina tabia zake. Nakala za kwanza hutoka hafifu, za kati hutoka na doa, na wino ukizidi zinashikana. Kwa kila arobaini nzuri unapata kumi au zaidi mbovu. Mashine ilikuwa na kihesabio kidogo pembeni, na kwa ukurasa wa tatu kilionyesha hamsini na mbili. Mbovu zilikuwa kumi na mbili. Zakaria alikuwa kwenye ukurasa wa tatu, nusu ya juu, mstari wa nne, na sababu yake ya kuachishwa niliichapa mimi mwenyewe kwa maneno matatu ambayo sitayaandika tena.

Ilikuwa miezi ya mvua kubwa. Pipa lilijaa maji. Bwana Njoroge alikuwa ameenda mazishini kwao kwa wiki nzima. Na pale langoni kulikuwa na Mama Awino.

Mama Awino aliuza njugu na omena wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani. Njugu lazima ifungwe, na karatasi ya serikali ni nene, haipitishi mafuta haraka. Kila ofisi mjini ilikuwa na mwenye njugu wake, na makarani wote waliwapa karatasi mbovu, na wenyewe wakatujazia njugu za bure. Sisi watu wa Kisumu tumekula njugu kutoka kwenye mitihani ya shule, hukumu za mahakama na barua za mapenzi. Hakuna aliyeona aibu. Niliangalia lile pipa la maji, nikaangalia ule mzigo wa karatasi, nikauchukua wote na kumpelekea. Alifurahi. "Ero kamano, nyathina," alisema, asante mwanangu, na akanifungia njugu palepale. Nilizila nikichapa.

Siku ya tatu Zakaria aliingia. Haikuwa siku yake ya kadi. Alisubiri mpaka benchi likawa tupu, akaja mezani, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa kama koni, akainyoosha taratibu kwa kiganja, mafuta na vumbi la chumvi bado juu yake.

"Mama," alisema, "hii ni mimi."

Nikasoma mstari wa nne.

"Nimenunua njugu pale bombani Nyalenda," aliendelea kwa sauti ya chini. "Kuna mama anauza pale. Nimefungua nile, naona jina yangu. Mstari ya nne." Akageuka kuangalia mlango. "Nani mwingine ameiona?"

Sikujua. Nikaanza kulia, na yeye, mtu ambaye ningeweza kuwa nimemwua, akaniambia, "Mama, usilie hapa. Watu watauliza."

Bwana Njoroge alirudi kesho yake. Nilimwambia kabla hajavua koti. Nilitegemea anifukuze. Alikaa tu chini, kisha akauliza, "Kihesabio kilisema ngapi?" Hamsini na mbili. "Basi tunatafuta kumi na mbili." Kurasa nyingine zilikuwa za wazee wa Burma, ambao hakuna aliyewawinda. Tulifunga ofisi, tukabandika kikaratasi kwamba tunahesabu mafaili, tukatoka.

Mama Awino alikuwa ameweka kapu lake langoni. Alikata kila karatasi mara mbili, nusu ya juu na nusu ya chini, kwa hiyo tulihitaji nusu za juu kumi na mbili. Saba zilikuwa bado kwenye bunda lake. Alishtuka kuona karani mkuu akipiga magoti kwenye tope akihesabu vifungio vya njugu.

"Bwana Njoroge, kwani mimi nimeiba?"

"Hapana, mama. Ni sisi tumeiba."

Zingine, alisema, alimpa dada yake anayeuza mandazi Kondele, na mwenzake wa Nyalenda. Yule wa Nyalenda alikuwa ameshamaliza zake zote. Dada wa Kondele alikuwa na mbili, zimetandikwa chini ya mandazi, na alikataa kuzitoa mpaka tununue mandazi yote yaliyokuwa juu yake. Tuliyanunua. Na ile ya Zakaria ilikuwa ya kumi.

Ya kumi na moja niliiona mwenyewe. Pale Kondele, kando ya stegi ya matatu, mwanaume mmoja aliegemea ukuta akitafuna njugu. Alikuwa na shati safi jeupe, viatu vyeusi vinavyong'aa, na miwani ya jua ingawa kulikuwa na mawingu. Siku hizo tulijua kuogopa viatu kama hivyo. Karatasi alikuwa ameinyoosha mbele ya macho, na alikuwa anasoma. Hakuwa anaipitia. Alikuwa anasoma kwa kidole.

Bwana Njoroge alinisukuma kidogo mgongoni, akasema, "Wewe ni mwanamke, hatakushuku." Nikaenda.

"Bwana, samahani. Hiyo karatasi, naomba."

"Ya nini?"

"Ni ya... mtoto wangu. Ya shule."

Akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya ofisi vilivyojaa tope. "Mama," alisema, "siku hizi serikali inatufungia njugu na majina ya watu?" Akacheka. Akamwaga njugu zilizobaki mdomoni, akaikunja karatasi vizuri mara nne, akanipa, akaondoka kuelekea mjini bila haraka. Sikuwahi kumwona tena. Kwa miaka mingi nikimwona mwanaume mwenye miwani nilivuka barabara. Huenda alikuwa mwalimu. Huenda alikuwa fundi cherehani tu anayependa kupendeza.

Kumi na moja. Tulitafuta ya kumi na mbili wiki mbili. Tulichungulia majaani, tukafungua mifuko ya takataka, nikauliza kila mwenye njugu kutoka Kondele hadi ufukweni. Tulizichoma kumi na moja kwenye pipa, Bwana Njoroge akakoroga majivu, na safari hii sikucheka.

Ya kumi na mbili haikupatikana, na Zakaria nilimwambia hivyo.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi, na hapa ndipo ningependa mnisikilize hata kama mtasahau mengine. Nilijiuliza swali ambalo hakuna waraka uliowahi kuniuliza: huyu anayeomba namba anaihitaji kwa kazi gani? Kliniki inahitaji kujua kuwa mtu ana kadi. Haihitaji namba ile inayofungua mlango wa polisi na wa ardhi. Basi nikawapa wateja wetu namba yetu wenyewe, ya faili, isiyotambulika popote nje ya mlango wetu. Zakaria akawa Arobaini na Mbili B. Wazee wa Burma walilalamika, wakasema hiyo si namba ya askari, ni namba ya nyumba ya kupanga. Niliwaambia ni amri mpya, wakasimama wima.

Orodha nazo, kila mwaka waraka ulikuja vilevile, safu tano. Bosi mkubwa hakutaka kusikia habari ya kuzipunguza. Kwa hiyo nilichapa zote tano, akaziangalia na kutia sahihi, na nikiwa peke yangu na stensili nilipaka kutex, ile rangi ya kucha, juu ya safu ya namba na safu ya sababu. Kutex inaziba matundu ya stensili kuliko dawa yoyote ya ofisi. Nakala zilitoka na nafasi nyeupe. Ofisi moja tu iliwahi kuuliza. Bwana Njoroge, ambaye alikuwa amekaribia kustaafu, aliwajibu kwa barua kwamba mashine yetu ni mzee. Kila mwaka, chupa moja ya kutex nyekundu, na kucha zangu hazikuwahi kupakwa. Ninyi mtakuta njia yenu kwenye kompyuta, lakini lile swali ni lilelile.

Zakaria aliendelea kuja kila mwezi. Alikaa mwisho wa benchi, sikio lake zima likielekea mlangoni. Nilipomaliza kugonga kadi yake aliuliza kitu kimoja tu, taratibu.

"Ile moja?"

"Bado," nilimjibu.

Miaka ikapita. Ile moja? Bado. Nilianza kuiogopa siku yake kuliko siku ya ukaguzi. Nikiwa nyumbani Kaloleni napika, nasikia gari limesimama, moyo unaruka, nawaza limetoka kwake. Nilimwota. Alinikondesha, na wala hakunitukana hata siku moja. Ningefurahi angenitukana.

Bwana Njoroge alistaafu. Ikaingia miaka ya tisini, watu wakaanza kusema mambo hadharani, vyama vikawa vingi, na mimi nikajiambia woga umeisha. Mwezi mmoja Zakaria akaja, mvua inanyesha kama ile ya mwaka ule, sikio limefungwa kitambaa. Akauliza, "Ile moja?" Na mimi nilikuwa nimechoka. Niliona mvi zake. Nilitaka alale usingizi, na nilitaka mimi pia nilale.

"Tumeipata," nikasema. "Ilikuwa kwa dada ya Mama Awino, chini ya sanduku. Tumeichoma."

Aliniangalia usoni kama siku ile ya kwanza.

"Mmechoma?"

"Kabisa. Mimi mwenyewe."

"Ero kamano, mama," alisema. Akachukua kadi yake, akaiweka mfukoni, akatoka kwenye mvua.

Hakurudi mwezi uliofuata, wala mwingine. Nilisema, basi, ametulia, moyo wake umepoa. Nililala vizuri karibu miaka miwili. Nataka mjue hilo pia, kwamba nililala vizuri.

Kisha mama mmoja mnyamavu akaja ofisini asubuhi, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Alisema jina lake ni Roselyne, mke wa Zakaria. Nilimpa kiti. Alisema wamemzika wiki mbili zilizopita.

"Ni nini ilimpata?"

"Ni ile sikio, mama. Ilivimba mpaka kichwa. Nikamwambia twende hospitali. Akasema hapana. Pale dirishani wanauliza namba ya kitambulisho, na wanaita kwa sauti. Akasema heri aumwe tu kwa nyumba."

"Lakini kadi yetu! Kadi yetu haikuwa na namba!"

"Nilimwambia. Akasema hiyo ofisi inadanganya."

Alifungua mkoba wake, akatoa bahasha ya plastiki iliyofungwa kwa mpira. "Alisema nikuletee hii wewe mwenyewe, kwa mkono."

Ndani kulikuwa na nusu ya karatasi, imekunjwa, mafuta yamekauka yakawa kama kioo. Ukurasa wa tatu, nusu ya juu. Siku ile pale bombani alikuwa amenunua mafungu mawili. Moja alinirudishia. La pili alikaa nalo, miaka yote ile, na kila mwezi alikuja kunipima: Ile moja? Na kila nilipojibu "bado" alijua kuwa kuna mtu mmoja serikalini anayemwambia ukweli. Nilikuwa nimebakisha hilo tu, na nililichoma mwenyewe.

Nikageuza nyuma. Alikuwa fundi wa redio, amefunzwa kuandika kila anachosikia, na mwandiko wake ulikuwa mdogo na safi. Jina langu kamili lilikuwa juu. Nyumba yangu Kaloleni, mlango wa rangi gani. Saa ninayotoka ofisini. Majina ya watoto wangu na shule zao. Namba yangu ya kitambulisho, tarakimu zote, ambayo bila shaka aliitoa kwenye ubao wetu wa matangazo, kwa sababu orodha ya wafanyakazi ilibandikwa pale kila mwaka na sikuwahi kuwaza kuipaka kutex. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine: Amesema wameichoma.

Hakuwa amenifanyia kitu. Alikuwa ameniandika tu, kama nilivyomwandika yeye, ili siku akija kuchukuliwa mkewe ajue pa kuanzia kuuliza. Nilinyanyua macho, nikaangalia dirisha lililokuwa wazi, nikamshika yule mama mkono, na sauti iliyotoka kwangu sikuitambua.

"Roselyne, nani mwingine ameiona?"

Aliutoa mkono wake taratibu, akafunga mkoba.

"Hata yeye alikuwa anauliza hivyohivyo," alisema. "Mpaka siku amekufa."